Nimekaimu Umeneja wa Operesheni miaka minne bila barua, kwenye usaili nikaambiwa sina uzoefu

Wakuu, habari za humu ndani.

Naandika nikiwa na hasira, na sitaongeza wala kupunguza. Jina la shirika sitaji, maana Babati ni ndogo na hapa Bagara naishi na watu haohao.

Niliingia kwenye lile shirika kama mtu wa mapokezi. Wanachimba visima vijijini. Mimi kazi yangu ilikuwa wageni, simu na chai ya vikao.

Ila nina ugonjwa mmoja, siwezi kuona kitu kimekaa hovyo nikanyamaza. Nikapanga stoo. Nikaanzisha daftari la safari za magari, maana dereva alikuwa anaondoka na hakuna anayejua kaelekea kijiji gani. Nikajisomesha diploma ya ugavi, mwisho nikawa msaidizi wa Meneja wa Operesheni.

Kwa wasiojua, Operesheni ndiyo inayofanya shirika litembee. Magari, stoo, mikataba ya mafundi, likizo za watumishi, vyote vinapita pale. Mfadhili anapiga picha na kisima, wewe ndiye uliyehakikisha pampu imefika.

Meneja akaacha kazi. Mkurugenzi akaniita.

"Mama Glory, hebu shikilia hapo kwa muda."

"Sawa bosi. Na barua ya kukaimu?"

"Barua ya nini tena mama? Sisi hapa si familia?"

Nikacheka, nikatoka. Hapo ndipo nilipojimaliza.

Huo "muda" ukawa miaka minne.

Sasa sikieni kichekesho. Barua za kukaimu za ofisi nzima nilikuwa naandika mimi! Mlinzi akishika nafasi ya mkuu wake wiki mbili tu, namwandikia, bosi anasaini, nakala inaingia kwenye faili. Madereva hivyohivyo. Faili langu je? Tupu.

Niliona aibu kujiandikia mwenyewe na kuipeleka isainiwe. Nilihofia wataniona nina uchu wa cheo. Wengi wetu tumelelewa hivyo, mwanamke akidai chake anaambiwa ana kiherehere.

Juzi kati nafasi ikatangazwa, nikaomba. Usaili ukafanyika palepale ofisini. Mjumbe mmoja wa bodi, mgeni wa hapa mkoani, akafungua faili langu.

"Hapa naona wewe ni msaidizi. Una uthibitisho wowote kwamba umewahi kuongoza idara?"

Nikamtazama Mkurugenzi. Jamani, yule baba alikuwa anachezea simu!

Nikaeleza yote niliyofanya. Mjumbe akanijibu kwa upole, "Mama, sisi tunafuata maandishi, na kwa maandishi huna uzoefu wa kuongoza." Kinachoniuma zaidi ni kwamba alikuwa sahihi. Utaratibu huo niliuandika mimi.

Nafasi akapewa kijana kutoka Dodoma. Sina ugomvi naye, alipofika aliniamkia shikamoo vizuri, nikaitikia marahaba. Ila wiki hiyohiyo Mkurugenzi akaniita eti nimfundishe kazi. Ndiyo, mimi nisiye na uzoefu.

"Niandikie barua, bosi."

"Mama Glory, tumefika huko?"

"Tumefika."

Akanuna siku mbili. Siku ya tatu magari yamepaki, mafundi wako Singe wanasubiri pampu, kijana wa watu hajui ipi inaenda wapi. Bosi akaandika mwenyewe, harakaharaka, kwamba nimwelekeze Meneja mpya "majukumu ya Operesheni uliyoyasimamia kwa miaka minne". Akasaini, akagonga muhuri.

Nilienda kulia chooni. Siyo kwa furaha. Ni hasira ya kuona mstari mmoja ambao angeweza kuuandika siku yoyote, kaninyima mpaka alipobanwa yeye.

Kijana nilimwelekeza kila kitu, sikumficha. Kisha nikatoa nakala ya ile barua, nikaiambatanisha na CV, nikaomba kazi kwenye shirika jingine hapahapa mjini, upande wa Maisaka.

Nimeanza mwezi huu. Meneja wa Operesheni kamili, barua ninayo.

Ushauri wangu kwa mnaopanda ngazi kwenye mashirika, hasa kina mama: ukiambiwa "shikilia kwa muda", omba maandishi siku hiyohiyo, hata kama bosi atakununia. Mimi kuona aibu kumenigharimu miaka minne.

Kwenye kikao changu cha kwanza na watumishi niliuliza, nani hapa anafanya kazi ya cheo ambacho hana barua yake? Wakaangaliana. Halafu mama mmoja wa stoo akanyoosha mkono, taratibu, kama anaomba radhi.

Haya, semeni nanyi. Nani yuko "kwa muda" na ni mwaka wa ngapi huu? Wanaotaka kuniambia nilikuwa mjinga, hilo nimeshajiambia. Na mabosi mliomo humu, njooni mjitetee.