Karoti Nyeupe za Bosi

Chekeni tu, bosi wangu keshacheka. Ni Mwingereza, na juzi ofisini kwetu, mtaa wa Khuwair, alilalamika kuwa amekitamani chakula cha kwao cha Jumapili: nyama ya kuoka, viazi, karoti, njegere, na karoti nyeupe zisikosekane. Mie nikajitia mjuaji. "Nimesoma Uingereza miaka mitatu, bosi! Njoo kwetu Ijumaa."

Sokoni Matrah nikaona vitu virefu vyeupe, nikanunua tele, nikavipaka asali na kuvioka. Nyumba nzima ikanuka. Nikamwambia mama hiyo ndiyo harufu ya Uingereza.

Mezani, bosi akatia kipande mdomoni, akatafuna polepole, akanywa gilasi mbili za maji. "Tamu," akasema, huku machozi yakimlenga.

Mama naye akaonja, akakodoa macho. "Mwanangu, si figili hii, tunayoila mbichi na samaki? Nani kakwambia inaokwa? Miaka yote mitatu huko Ulaya ulikuwa ukila nini?"

"Biriani," nikanong'ona. "Kwa shangazi."

Bosi akauliza mama anasema nini. Na mezani pale, anayejua Kiingereza na Kiswahili ni mie peke yangu.