Mashine ya Kusaga Mawe

Nichekeni tu, mimi nimeshajicheka. Kazi yangu hapa Eldoret ni kwa maabara. Nasaga mawe yaliyokuwako kabla dunia haijapata samaki, ndio Daktari Chebet atoe zile chembe ndogo zinazotunza umri wa jiwe.

Alhamisi, mashine ya posho ya mtaani kwetu Langas iliharibika, na mke wangu alikuwa ametoka tu kujifungua. Uji wa mzazi utatoka wapi? Nikamsagia wimbi yake kwa mashine ya mawe, kisha nikafagia vizuri. Alilalamika tu kwamba uji una mchanga.

Ijumaa nikasaga jiwe la kutoka Kakamega. Nilipoosha ule unga, nikaona chembe nyekundu, za mviringo. Nikampigia Daktari: "Madam, hizi hazijawahi kuonekana!" Nikaziacha kwa sinia na maji yake, nikaenda nyumbani kifua mbele.

Jumatatu akaja na darasa lake zima. Akainamia hadubini, kisha akanigeukia.

"Wafula, mlipata mtoto gani?"

"Msichana, Madam."

"Basi mwambie mamake wimbi iliyobaki huku imeshaota."