Walisema Haya

Wifi yangu, mke wa kaka, hasikii tangu homa ya utotoni. Midomo anaisoma, na kusema anasema kwa mikono, tena maneno mengi kuliko mimi, na mimi nasifika kwa mdomo. Akimteta mtu kwa vidole vile, utacheka mpaka mbavu ziume.

Tulikuwa kazini pamoja, kiwanda cha kufua mashuka ya hoteli. Walipomwajiri walimpiga picha, mikono juu, wakaibandika mlangoni ikiwa kubwa kama kitanda, na maandishi: HAPA KILA MMOJA ANA SAUTI. Wageni wakija wanaletwa kumwona. Wakiondoka, hata salamu hapewi. Saa ya chai watu wanageuza migongo na kupiga soga, yeye anatazama visogo. "Mwenzenu huyu, si sanamu!" nikiwaambia, wanacheka. "Sasa tutaongea naye nini?"

Mashine ya pasi ni ya watu wawili. Mmoja ananyoosha shuka chini ya bamba la moto, macho yote kwenye shuka. Mwenzake anabonyeza kitufe. Kabla ya kubonyeza unapiga kelele, "Haya!" Mwenzako anatoa mikono, bamba linashuka. Ndivyo tulivyofundishwa wote. Mimi na wifi tulikuwa na letu: namgusa bega, anatoa mikono, ananikonyeza, ndipo nabonyeza.

Aliomba taa. Taa moja tu, iwake kabla bamba halijashuka. Ombi nililipeleka mwenyewe kwa meneja. "Wazo zuri sana, mama. Tutalifanyia kazi." Na taa ikaja kweli, msidhani natania. Wakaifunga juu ya ile picha.

Siku moja msimamizi akanihamishia upande wa kukunja. Nikamwambia, "Basi mwambie anayekuja: bega kwanza."

"Ah, dada, unamdekeza. Hapa wote ni sawa."

Sawa! Mwanamke aliyewekwa pale hakuwa mbaya, Mungu shahidi. Alifanya alivyofundishwa. Nilimsikia kule kule kwenye kukunja: "Haya!" Nikatupa shuka, nikakimbia. Bamba likawahi.

Uchunguzi ukafanywa. Kila aliyeulizwa akaapa kwamba neno lilisemwa na yeye mwenyewe alilisikia. Ikaamuliwa kwamba onyo lilitolewa, mzembe ni wifi. Nikamwendea meneja ofisini kwake: "Kutwa mnapiga kelele haya, haya, na haya yenyewe hamna hata chembe!" Nikafukuzwa papo hapo. Nilipotoka nikapita chini ya picha, mikono juu, vidole vyote kumi, taa inawaka mchana kweupe.

Hospitalini, bendeji zilipofunguliwa, wifi alitazama kilichobaki. Kisha akakiinua, akamwambia kaka kitu. Akarudia. Akarudia tena, polepole, jinsi unavyomsemesha mtoto, machozi yakimtiririka.

Kaka alijifunza lugha ile tangu uchumba wao. Miaka yote, mimi nikikwama, ndiye aliyekuwa akinitafsiria. Alimkodolea macho mkewe, kisha akanigeukia.

"Dada, anasema nini?"

Sikujua.