Suruali ya Yohana

Siku yangu ya kwanza katika maabara ya hospitali moja Mbeya, mkuu wa maabara aliniita kwenye hadubini. Nilikuwa nimeacha shule mapema na kuzurura kote, kuanzia mbao za Mafinga hadi viazi vya Mbalizi, na pale niliajiriwa kuosha vioo. Nikamuuliza yale madoa ya kahawia kwenye ubongo wa panya ni nini. Akasema ni protini za msongo. Seli ya ubongo ikiumia hupunguza kazi zake za kawaida na kutengeneza protini hizo, ambazo hushikilia protini nyingine zisikunjamane na kuharibika. Niliendelea kuuliza mpaka akanifukuza nikaoshe vioo.

Baadaye nikahamishiwa Iringa, nikawa mhudumu wa wodi ya wanaume. Huko ndiko watu walikonichosha. Aliyepigwa kichwani akiweza kuongea tu, ndugu zake wanasema amepona.

Yohana, mpasua mbao wa Mafinga, aliangukiwa na nguzo. Kichwa bado kinamuuma, msimamizi wake akaja na lori kumchukua. Daktari wa wodi akamweleza msimamizi habari za zile protini: seli bado zinahangaika kujiokoa, na pigo jingine sasa linaweza kumuua Yohana. Kisha akaongeza kwamba katika majaribio, seli iliyoumia kidogo tu huweza kustahimili zaidi baadaye. Hilo bora angeliacha. Msimamizi akalidaka hilohilo.

"Kumbe kichwa kimekomaa, daktari. Basi twende."

Yohana naye akadai suruali yake, maana nguo na viatu vya wagonjwa nilivitunza mimi. Nikakataa, nikasimama mlangoni. Akanitukana kwa Kihehe na Kiswahili. Mkewe, Mama Tumaini, alikuwa anamenya chungwa, akamwambia msimamizi bila kuinua macho.

"Kama nguzo inakomaza kichwa, kaka, tangulia wewe ulale chini yake. Mume wangu atakufuata."

Lori likaondoka bila Yohana.

Sasa nimestaafu, naishi Ilomba, na hakuna kilichobadilika. Kijana anaanguka na bodaboda, anajipangusa vumbi, anasema yuko fiti, na wenzake wanamrudishia pikipiki aendeshe. Nikisema neno, wananiambia mzee umeanza.

Yohana nilikutana naye miaka mingi baadaye Mafinga, mbao begani. Nikamsalimia kwa Kihehe, kamwene. Alitua mbao zake, akaanza kunisomea makosa yangu: suruali, viatu, mlango niliouziba, jinsi nilivyomwaibisha mbele ya bosi wake. Hakusahau hata moja. Nilisimama palepale nikamsikiliza kwa raha mpaka mwisho.