Mustari wa maua wa muzee wangu, na feza ya mbegu ya serikali

Bakubwa wote wa hapa, musalimiwe kutoka Alimbongo. Naandika mwenyewe, na kidole kimoja. Masomo yangu ilikuwa kidogo, lakini uongo sikufundishwa.

Huku kwetu asubuhi wingu inashuka mpaka ndani ya shamba. Mutu anakuita, unasikia sauti tu, hapana kumuona. Tunalima viazi ndani ya ile wingu.

Musimu moja ugonjwa wa majani ulipita, ukamaliza viazi. Mi nikabaki na kitunga kimoja cha mbegu. Nikikosa ingine, shamba ya muzee wangu, bwana yangu marehemu, inarudilia pori.

Hapo ndipo projet ya serikali ilikuya. Balisema mulimaji atapata feza ya mbegu ndani ya telefone, lakini kwanza agronome, fundi wa mashamba, apite, apige photo ya viazi vyenye viko na maua.

Maua, basi. Sikieni vizuri.

Kwetu banamuke tunakata maua ya viazi na vidole, mapema. Mama zetu balisema ua ni mwizi, linakula chenye kingeshuka chini. Tunakata huku tunaimba.

Nilipanda kile kitunga, maua ikatoka, nikakata yote, kama kawaida. Niliacha tu mustari moja, karibu na njia. Ni wa muzee. Wakati alikuwa muzima alinikataza kuugusa. Alikuwa anakaa pale juu ya jiwe, anaangalia tu. Namuuliza: maua inakuliwa? Anaendelea kuangalia. Sasa amekwenda, na mi naendelea kuuacha. Sijui juu ya nini.

Agronome akafika kwa pikipiki kutoka Butembo, mupole, viatu imejaa matope. Akatafuta maua ndani ya wingu.

Masika, jirani yangu mwenye maneno mingi, akanivuta pembeni. Anataka tuokote maua yenye tulitupa, tuyabandike juu ya majani.

"Masika, nidanganye na shamba ya marehemu?"

"Marehemu mwenyewe angekusaidia kubandika, dada."

Nikakataa. Agronome akapiga photo, akasema kwa telefone shamba yangu ni mustari moja.

"Na hii ingine ni nini, majani ya mbuzi?"

"Mi nakuamini, mama. Ni telefone haiamini."

Message ikaingia wakati niko kanisani. Feza ya mustari moja. Mbegu yenye nilinunua ilienea kona tu.

Musimu wenye kufuata, banamuke wote wa kilima bakaapa: hakuna kugusa ua. Na mi, mukali hivi, nikafunga mikono.

Bakubwa, maua ikafunguka.

Kilima yote nyeupe. Sikujua wingu inaishia wapi na shamba inaanzia wapi. Nilitembea ndani, nguo ikaloana mpaka magoti, nikakaa juu ya jiwe ya muzee. Nilisikia kama anakohoa karibu yangu. Sikugeuka. Nilibaki pale mpaka jua ikatoboa, na kwa nyumba maharagi yangu ikaungua. Maharagi yangu haijaungua hata siku moja mbele ya ile.

Agronome hakufika. Balisema njia imeharibika. Kiisha balisema projet imeisha.

Tukachimba. Viazi vidogo, kama mayai ya kuku. Bachuuzi ba Butembo bakaangalia, bakapita.

Masika akakaa chini mu udongo, akalia. Akashika kimoja, akakigeuza mu mukono.

"Dada, angalia. Hii yote ni mbegu."

Kweli. Kikubwa ni cha kuuzisha. Chenye tunapanda ni kile kidogo. Ile musimu tulikula vibaya, siwafiche. Lakini shamba ya muzee ilipandwa yote, mpaka mupaka.

Chenye nilijifunza: kama serikali inasema inakuya kuona maua, acheni mustari moja karibu na njia, ingine mukate. Shamba hapana kungoja mugeni.

Ninyi ba Lubero na Beni, kwenu munakata ao munaacha? Semeni, nitasoma pole pole.

Na wewe agronome, kama unapita hapa, ukuye. Iko maua. Mustari moja.