Barua Nilizofuta Kabla ya Kizuizi

Kampuni yetu ya malori, kule Walikale, ilikuwa na karani mmoja aliyesoma chuo kikuu, naye ni mimi. Chekeni sasa, mbele hakuna nafasi. Papa Kambale, dereva wetu, aliniomba nimwandikie patron, mwenye kampuni, barua pepe: freni za lori, yaani breki, zimechoka. Patron akajibu aende hivyo hivyo. Karibu na Ngungu lori likapinduka, abiria akafa.

Papa Kambale akashtakiwa, nami nikaitwa Goma kumtolea ushahidi, nije na kompyuta. Kwa sababu ya vita, kila msafiri alifuta ujumbe wa simu kabla ya kufika kizuizi cha askari barabarani. Nami nikawaza: barua zangu zinataja barabara zilizo wazi, wakinisoma, si wataniita mpelelezi? Nikafuta zote, hata salamu za Noeli, nikamwaga na pipa la taka la kompyuta. Kizuizini askari hakugusa begi. Aliniomba sabuni.

Mahakamani patron alikana kuambiwa habari za freni. Papa Kambale akacheka.

“Mama Juge, huyu mutoto njo aliandika. Message iko mu ordinateri yake. Huyu hatupake kitu, anatunza yote!”

Jaji akanigeukia. Niliwasha kompyuta nikijua barua haimo.

“Nilifuta.”

“Hata yangu, mutoto?” Papa Kambale aliuliza polepole.

Nikaapa kwamba niliiandika na jibu nililiona. Jaji akasema kampuni ingepaswa kuwa na nakala, lakini bila maandishi, neno langu ni la rafiki wa mshtakiwa tu.

Polisi akamshika Papa Kambale mkono kumpeleka gerezani kabla sijaizima kompyuta.