Safari ya Bibi Isiyo na Sababu

Nikinusa miyaa ya kusukia mikeka iliyoroweshwa, ile harufu ya majani na rangi ya kuchovya, namkumbuka bibi yangu, Bi Salama, kakaa peke yake uani petu Wingwi.

Zamani hakuwa peke yake. Kila alasiri alichukua kikapu cha miyaa akaenda kwa shoga yake, Bi Mize, nyumba ya tatu. Kwetu mwanamke mzima hakai bure kwa watu. Lazima awe na kazi mkononi. Basi walisuka ukili. Nilikuwa nikifuatana naye, na nakuambieni, ukili wenyewe haukuwa ukirefuka. Kazi ilikuwa vicheko.

Kisha mtoto wa Bi Mize akamhamishia mama yake Mtambile, kusini kabisa mwa kisiwa. Bibi akaacha kusuka. Chakula akawa anakidonoa tu. Tukimwambia aende akamtazame, anatujibu kwa hasira, "Nikafanyeni? Mgonjwa hakuna, msiba hakuna, harusi hakuna. Watasema kizee kafuata chakula."

Siku moja dada yangu Rukia, aliyekuwa sekondari, akaomba ruhusa ya kwenda kwa wenzake.

"Kufanyani?" mama akauliza.

"Kuhengi auti tu, mama."

Mama akataka kujua hilo ni somo gani. Rukia akaeleza: ni kukaa na watu unaowapenda, mkapiga soga, bila shughuli yoyote. Vijana wanaandikiana hivyo kwenye simu, lakini kwenye mtihani mwalimu halitaki neno hilo, ni Kiingereza cha mtaani.

"Bila shughuli yoyote?" Bibi akadakia. "Na Wazungu wameliwekea jina?"

"Wameliwekea, bibi."

"Makubwa haya!"

Rukia akanyimwa ruhusa. Bibi hakuomba kwa mtu. Asubuhi yake alitoka chumbani na buibui lake la kutokea, mkononi hana kikapu wala miyaa.

Mama akashtuka. "Nani kafa?"

"Hajafa mtu. Nakwenda Mtambile kuhengi auti na Mize."

Tulicheka mpaka tukashika mbavu. Rukia ndiye aliyepewa kazi ya kumsindikiza, kwa hiyo ruhusa yake akaipata kwa mlango huo. Bibi aliporudi alimaliza sahani nzima ya wali, akadai aongezwe.

Masika hayajaisha, Bi Mize akafariki. Gari likajaa watu wa Wingwi, wengi hawakuwa wamemtia machoni tangu ahame. Walilia sana. Bibi alilia kidogo tu, na mimi, kwa utoto wangu, nikamwona ana moyo mgumu.

Leo nina shoga yangu aliyehamia mbali, na kila nikipanga kwenda najiuliza nitasema nimefuata nini. Hapo ndipo nilipomwelewa Bibi. Siku ile ya mazishi sote tulikuwa na sababu ya kwenda Mtambile. Yeye alikwenda wakati hana, na Bi Mize akamfungulia mlango mwenyewe.